MAPIGO YA MSHIPA: KUTOKA VIDOLE VYA IBN SINA HADI KIBANIO CHA TAA

Tangu ule ugonjwa wa Korona wa mwaka 2020, kidude kidogo cha kubana kidoleni kimeingia katika nyumba nyingi ambazo zamani hazikuwa na chombo chochote cha tabibu isipokuwa kipima joto, na pengine hicho nacho hakimo. Mgonjwa hutia kidole chake cha shahada, taa nyekundu ikawaka, na baada ya kitambo kidogo zikatokea namba mbili: moja ya mapigo ya moyo, na ya pili ya oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo damu huichukua mapafuni na kuigawa mwilini. Waliokaa kitandani pembeni husoma, wakaambiana, "Tisini na sita, alhamdulillahi," nyoyo zikatulia. Makala haya ni khabari ya namba hiyo: ilikotoka, walioitafuta, na kwa nini kwa muda mrefu haikuwa ikisema kweli sawasawa kwa watu wa rangi zote.

Elimu ya kushika mshipa ni kongwe sana. Wagiriki waliijua, na Jalinusi aliiandikia vitabu vingi. Vitabu hivyo vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika dola ya Bani Abbas, khasa na Hunayn bin Is-haq aliyekufa mwaka 873, ambaye alikuwa Mkristo na wala dini yake haikuwazuia Waislamu kumtegemea katika elimu. Kisha akaja Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, akafa Hamadan mwaka 1037. Katika kitabu chake kikubwa, Al-Qanun, ameueleza mshipa kwa sifa kumi: ukubwa wa pigo, nguvu yake, kasi yake, kitulizo kilichoko baina ya pigo na pigo, joto lake, kulingana kwake au kutolingana, na mengineyo. Mwanafunzi alitakiwa azifundishe ncha za vidole vyake kuzitambua sifa zote hizo, kama fundi wa dhahabu anavyozifundisha za kwake.

Iko hadithi mashuhuri inayoonyesha jinsi vidole hivyo vilivyokuwa. Ameisimulia Nidhami Arudhi wa Samarqand, aliyeandika katika karne ya 12, zaidi ya miaka mia moja baada ya Ibn Sina. Anasema Ibn Sina alifika Gorgan, nchi iliyo karibu na bahari ya Kaspi, na huko kulikuwa na kijana, jamaa wa mtawala Qabus, aliyelala kitandani anakonda na matabibu wameshindwa. Ibn Sina akamshika mkono, akaomba aletwe mtu anayeujua mji wote. Mtu yule akaanza kutaja mitaa, mmoja baada ya mmoja, hata alipotaja mtaa fulani mshipa wa kijana ukashituka. Akaambiwa ataje njia za mtaa ule, kisha nyumba za njia ile, kisha watu wa nyumba ile; na kila mara Ibn Sina anasikiliza kwa vidole. Mwisho likatoka jina la msichana. Kijana hakuwa na maradhi ila mapenzi, na dawa yake ikawa ni kuozwa.

Huenda msimulizi alitia chumvi, kama wasimulizi walivyo. Lakini njia yenyewe imo ndani ya Al-Qanun, na Ibn Sina mwenyewe anasema aliijaribu. Na tuiangalie vizuri hadithi hii, maana imebeba kitu kikubwa: mgonjwa hakusema neno, na mwili wake ukasema. Vyombo vyote tutakavyovitaja hapa chini havifanyi ila kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba vidole vya Ibn Sina vilikufa pamoja naye mwaka 1037, na hakuna aliyeweza kuvirithi. Chombo hurithiwa, hununuliwa, na hutiwa mfukoni na mtu asiyejua hata sifa moja katika zile kumi.

Kabla ya kuendelea ni haki tumtaje Ibn an-Nafis, aliyekufa Cairo mwaka 1288. Jalinusi alikuwa amefundisha kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa matundu yasiyoonekana, na Ibn Sina alimfuata. Ibn an-Nafis akakataa. Akasema ukuta ule wa katikati ni mnene, hauna tundu. Damu haina budi ipite mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irejee upande wa kushoto. Maandishi yake yalisahauliwa hata daktari wa Kimisri, Muhyiddin at-Tatawi, alipoikuta nakala Berlin na kuiandikia risala mwaka 1924. Basi namba ile ya oksijeni inayotoka katika kibanio ni hesabu ya safari hiyo hiyo aliyoieleza Ibn an-Nafis: damu iliyopita mapafuni imebeba hewa kiasi gani.

Wa kwanza kujulikana kutoa mapigo katika vidole na kuyatia katika chombo ni Mtaliana aitwaye Santorio, aliyezaliwa mwaka 1561. Alichukua uzi akaufunga kitu kizito mwishoni, kama timazi ya mwashi, akauacha upembee. Uzi mfupi hupembea upesi, mrefu hupembea polepole. Alikuwa akiurefusha na kuufupisha mpaka upembeaji wake ulingane na mapigo ya mgonjwa, kisha akaupima uzi. Kwa hivyo homa ya mtu ilikuwa inaweza kuandikwa kwa urefu wa uzi, na kesho yake ikalinganishwa. Saa zenye mkono wa sekunde wa kutegemewa zilikuwa bado. Na jambo la kufurahisha ni kuwa vyombo vyake hivi Santorio alivichapisha, pamoja na michoro, mwaka 1625 ndani ya kitabu cha kuifafanua Al-Qanun ya Ibn Sina. Hapo Ulaya ilikuwa bado inasoma kwa mwalimu wetu.

Baada yake mambo yalikwenda. Mwaka 1707 Mwingereza John Floyer alitoa saa ya kuhesabia mapigo kwa dakika moja. Mwaka 1896 Riva-Rocci, Mtaliana mwingine, alitoa ule mkanda wa kutia pumzi unaofungwa mkononi kupima presha, na mwaka 1905 Mrusi Korotkoff akaonyesha namna ya kuisikiliza kwa masikio. Kisha Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Jawa, akaweza kuandika umeme wa moyo wenyewe. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ikihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa ametumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi kama anayetaka kufua. Kwa vile haikuwezekana kuibeba mashine hospitali, mwaka 1905 aliuleta umeme wa moyo kwa waya wa simu kutoka hospitali hadi chumbani kwake, masafa ya kilomita moja na nusu. Mwaka 1924 alipewa tunzo ya Nobel. Leo kazi hiyo hufanywa na saa ya mkononi.

Lakini oksijeni ilibaki kitendawili. Tabibu alikuwa na jicho lake tu: aliangalia midomo na kucha, akiona zimeingia rangi ya samawati akajua damu imekosa hewa. Mwaka 1947 Wamarekani wawili, Julius Comroe na Stella Botelho, walilijaribu jicho hilo, wakakuta kwamba wengi wa waangaliaji hawakuweza kuiona rangi ile kwa yakini mpaka oksijeni imeshuka hadi karibu asilimia 80, na hapo mtu amekwisha ingia khatarini. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi juu ya meza ya kupasuliwa aliweza kuwa anazama huku waliomzunguka wanaona mambo ni salama. Na kwa mtu mweusi rangi hiyo ni ngumu zaidi kuonekana. Ilibidi kuangalia ndani ya mdomo au chini ya kope.

Katika vita vya pili vya dunia Glenn Millikan alitengeneza chombo cha sikioni kwa ajili ya marubani, maana huko juu hewa ni nyembamba na rubani alizimia bila ya kujijua. Chombo kilisaidia, ila kilikuwa kizito wa kutumia na kilitaka kurekebishwa kila mara. Kwa muda wa miaka thelathini hivi hapakutokea chepesi.

Aliyekifungua kitendawili ni Mjapani, Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden ya Tokyo, naye hakuwa akiitafuta oksijeni. Alikuwa anataka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani kwa kutia rangi katika damu na kuiangalia ikipita sikioni kwa taa. Kila alipotazama mstari wake uliochorwa, akaona umeharibiwa na mawimbi madogo ya mapigo. Akayahesabu kuwa ni takataka, akatafuta namna ya kuyafuta kwa kutumia taa ya pili ya rangi nyingine. Akafaulu, lakini oksijeni ya mtu ilipobadilika, mawimbi yakarudi. Hapo ndipo alipotambua kwamba ile takataka anayoitupa ndiyo yenyewe. Damu iliyojaa oksijeni huipitisha taa nyekundu na kuizuia ile miale isiyoonekana iliyo chini ya nyekundu. Damu iliyopungukiwa hufanya kinyume. Ngozi, mfupa na nyama havipigi. Kinachopiga ni damu ya mshipa peke yake. Basi ukikamata kile kinachopanda na kushuka tu, katika taa zote mbili, ukalinganisha, umeipata oksijeni bila ya tone la damu kutoka. Alilieleza jambo hili mbele ya wataalamu wa Japani mwaka 1974.

Kampuni nyingine ya Kijapani, Minolta, ikakitia chombo kidoleni, na Wamarekani wakakifanya kidogo na cha kuuzwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1990 kanuni za matabibu wa usingizi wa Marekani zilikuwa zimekifanya cha lazima katika kila operesheni. Kwetu na kwa mafakiri wengine kilichelewa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2010 ilikadiria kuwa vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa nacho, na mwaka 2011 ikaundwa jumuiya ya Lifebox kwa ajili ya kuvigawa kwa bei nafuu. Aoyagi alikufa tarehe 18 Aprili 2020. Ni mwezi ule ule ambao watu wa ulimwengu mzima walikuwa wakigombania chombo chake madukani, na wachache sana walilijua jina lake.

Hapa nitatoka njiani kidogo, kwa ajili ya wenye maradhi ya sukari, kwani katika nyumba zetu hawakosekani. Leland Clark, Mmarekani aliyetengeneza kihisi cha oksijeni ya damu mwaka 1956, alionyesha mwaka 1962 pamoja na Champ Lyons namna ya kukifanya kihisi kama hicho kipime sukari. Katika mzizi huo vimetoka vile vinavyobandikwa mkononi na kukaa siku nyingi vikitoa khabari ya sukari usiku na mchana. Uchunguzi mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 ulikuta kwamba katika wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, kama asilimia 79 walifunga angalau siku 15 za Ramadhani, na kushuka sukari kwa khatari kuliongezeka mara saba na nusu kwa watu hao. Wako wanaoacha kupima mchana wakidhani kutoka damu kidoleni kunafunguza. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jiddah cha mwaka 1997, ilikwisha kutaja kutoa damu kwa ajili ya kupimwa miongoni mwa mambo yasiyofunguza. Na ruhusa ya mgonjwa kula imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara. Kihisi hakimpi mtu ruhusa wala hakimnyimi. Humwonyesha tu kwamba saa yake imefika, na asiseme hakujua.

Sasa turudi kwenye kibanio. Nimesema kwamba ngozi haipigi, na kwa hivyo kwa hesabu ya Aoyagi ilitakiwa isiwe na athari. Kwenye karatasi ni sawa. Katika mwili wa mtu, weusi wa ngozi huinywa taa, na tena huinywa ile nyekundu zaidi kuliko ile isiyoonekana, na mabaki ya tofauti hiyo huingia katika namba. Chombo kilipotengenezwa, namba zake zilipatikana kwa kuwapunguzia hewa watu wazima wenye afya na kulinganisha taa na damu yao. Na wengi wa watu hao walikuwa weupe. Sio kwamba haikuwezekana kufanya vingine. Kampuni ya Hewlett-Packard ilikuwa imeuza katika miaka ya 1970 chombo cha sikioni chenye taa za rangi nane, na ilikijaribu kwa watu weusi pia. Lakini kilikuwa kikubwa na ghali, kikashindwa sokoni na kile chepesi cha taa mbili.

Mwaka 1990 madaktari Jubran na Tobin waliandika kwamba kwa wagonjwa weusi waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kibanio kilikosea zaidi kuliko kwa weupe. Mwaka 2005 watafiti wa San Francisco walirudia wakakuta vivyo hivyo: oksijeni inaposhuka, chombo humzidishia mtu mweusi. Yakasomwa, yakawekwa. Mwezi wa Agosti 2020 mwanazuoni wa MIT, Amy Moran-Thomas, aliliamsha jambo hili katika makala, na Desemba ya mwaka huo madaktari wa Michigan wakatoa hesabu yao. Walichukua wagonjwa ambao kibanio kiliwasomea baina ya 92 na 96, wakaangalia damu yao yenyewe. Kwa weupe, asilimia 3.6 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weusi, asilimia 11.7. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2022, ulionyesha kuwa wagonjwa weusi wa Korona walichelewa kutambuliwa kwamba wanastahili matibabu, kwa sababu namba ilisema bado wazima.

Ndugu msomaji, katika dini yetu jambo la kipimo si dogo. Kaumu ya Nabii Shuaib (A.S.) iliangamizwa, na miongoni mwa makosa yao ni kupunja vipimo na mizani. Iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin. Twalijua jambo hili sokoni. Muuza unga ambaye pishi yake imebonyea chini bila ya yeye kujua, hana lawama. Lakini akija mtu akamwonyesha ule ubonyeo, naye akaendelea kupimia kwa sababu kununua pishi nyingine ni gharama, huyo amekwisha kuingia katika hukumu nyingine. Aoyagi simlaumu hata kidogo, na aliyoyafanya yameokoa watu wasiohesabika, weusi kwa weupe. Lakini tangu mwaka 1990 hadi 2020 ni miaka 30, na katika miaka hiyo ubonyeo ulikuwa umekwisha onyeshwa.

Wazee wetu walikuwa na mtu wa kazi hii. Aliitwa muhtasib. Ash-Shayzari aliyeandika huko Sham katika karne ya 12, na Ibn al-Ukhuwwa aliyekufa mwaka 1329, wameacha vitabu vya kumfundisha kazi yake: akague mizani na ratili za wauzaji, na katika kitabu kile kile akague matabibu, wapigaji chuku na wauza dawa, awaapishe, aangalie vyombo vyao. Hawakuona kwamba kukagua kibaba cha mchele na kukagua chombo cha tabibu ni mambo mawili. Na muhtasib hakungoja mteja aje ashitaki, maana mteja ndiye asiyejua kuwa amepunjwa. Mgonjwa aliyesomewa 94 na kurudishwa nyumbani hawezi kushitaki chochote. Hana anachokijua.

Kwa hivyo mwenye kibanio nyumbani asikitupe, ila asikifanye kadhi. Akiangalie pamoja na mtu mwenyewe. Namba inayoshuka siku hadi siku, jana 97 leo 93, ni khabari hata kama kila moja si sahihi kabisa. Mgonjwa anayehema, anayeshindwa kumaliza maneno kwa pumzi moja, au aliyeanza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali hata kibanio kiseme tisini na ngapi. Mikono iwe na joto, na kidole kitulie. Na kwa wanawake wetu iko jambo la kwetu khasa: madaktari waliochunguza hina wamekuta ile nyekundu haileti tofauti kubwa, lakini ile nyeusi, na piko ni katika hiyo, huizuia taa, na rangi ya kucha nayo huweza kuharibu. Bibi harusi au mzazi aliyepambwa apimwe kwenye kidole kisichotiwa kitu, au sikioni kwa chombo cha sikio, na mwenyewe amwambie muuguzi kabla.

Muhtasib wa Marekani, yaani idara yao ya vyakula na dawa, aliandika mwaka 2013 kwamba chombo kijaribiwe kwa watu kumi au zaidi, na katika kumi hao wawili tu wakiwa weusi sana inatosha. Mwezi wa Januari 2025 alitoa rasimu mpya inayotaka watu wasiopungua 150, wa rangi mbalimbali za ngozi, na rangi hizo zipimwe kwa chombo pia, zisikisiwe kwa macho tu. Rasimu hiyo inahusu vyombo vya hospitali. Vile vya bei rahisi vinavyouzwa madukani bila ya cheti cha daktari haviguswi nayo, na hivyo ndivyo vilivyonunuliwa kwa wingi mwaka 2020, ambavyo vingi vingali katika watoto wa meza za nyumba zetu, vinangoja betri.